Flake8 (kikaguzi cha code ya Python) inalalamikia _ ya gettext (zana ya kutafsiri maandishi ya programu), nifanyeje?

kijana_wa_jinja: Wakuu, programu yetu ya sacco ina Kiingereza na Luganda, gettext.install() inaweka _ (jina la function ya kutafsiri) kila mahali na code inaran poa tu, lakini flake8 inanipigia F821 (kosa la jina lisilojulikana) karibu kila faili mpaka nimechoka, sitaki kutia noqa (alama ya kuinyamazisha flake8) kila mstari jamani

mama_kodi: Pole ssebo. Fungua setup.cfg au .flake8, chini ya [flake8] andika builtins = _ basi, majina yakiwa mengi tenganisha na koma. Usizime F821 yote, hiyo ndo inakamata majina uliyokosea kuandika!!

fundi_mbale: na kama mnatumia pylint (kikaguzi kingine cha Python) huko inaitwa additional-builtins, haisomi ile ya flake8

kijana_wa_jinja: Imekubali, nimeongeza na ngettext (ile ya umoja na wingi). Webale nnyo nnyabo