Naomba ushauri: picha za zamani za Afghanistan nizifundisheje?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia, naandaa somo la Afghanistan kwa kutumia picha za zamani. Inayonigusa zaidi ilipigwa na John Burke kule Gandamak, kijiji cha Afghanistan, Mei 1879, wakati wa vita kati ya Waingereza na Waafghani. Amiri Yaqub Khan, mtawala wa Afghanistan, ameketi katikati, Cavagnari, mwakilishi wa Uingereza, yuko karibu naye, wote wametulia utadhani hakuna vita. Mkataba uliotiwa saini pale uliwapa Waingereza mamlaka juu ya mambo ya nje ya nchi ile. Septemba mwaka huohuo Cavagnari akauawa Kabul.

Kinachonikwaza ni kwamba Burke alifuatana na jeshi la Waingereza, kwa hiyo tunawatazama Waafghani kwa jicho la mvamizi. Sitaki wanafunzi wangu waondoke wakidhani ni watu wa bunduki na vilemba tu. Nimeongeza sanamu za Buddha za Bamiyan, ile kubwa ya mita 55, kabla Taliban hawajazilipua mwaka 2001.

Aliyewahi kufundisha kwa picha za kikoloni, ulianzaje? Nimtaje kwanza aliyeshika kamera, au niwaache watazame wenyewe? Na picha za masoko na mafundi wa mazulia nizitafute wapi? Kipindi ni dakika 40 tu.