Maskati kwa mgeni wa mara ya kwanza: tufikie mtaa gani, na tuone nini nje ya mji?

Binti wa Tanga
Assalaam alaykum wanajamvi. Panapo majaaliwa, mwezi wa Desemba nitasafiri na mama yangu kwenda Maskati, mji mkuu wa Omani, kuhudhuria harusi ya jamaa zetu, na baada ya hapo tungependa kubaki kidogo tuutembelee mji na viunga vyake. Kila nikitazama ramani nachanganyikiwa, kwani majina ni mengi, Matrah, Ruwi, Qurum, Seeb, wala sioni katikati ya mji ni wapi. Naomba ushauri kuhusu mahali pa kufikia, mambo ya kuona kwanza, na kama yawezekana kutoka nje ya mji na kurudi siku hiyo hiyo. Mama ni mtu mzima, ngazi nyingi zinamchosha.

Mkaazi wa Ruwi
Wa alaykum salaam, dada. Ramani umeisoma sawasawa. Maskati haina kitovu kimoja. Ni miji midogo iliyofuatana ufukweni, imebanwa kati ya milima ya Hajar na bahari, na uwanja wa ndege uko Seeb, takriban kilomita 30 kutoka Matrah.

Mimi ningewashauri mfikie Matrah. Njia ya kando ya bahari ni tambarare, kwa hiyo mama atatembea polepole kutoka soko la samaki hadi soko kuu, penye ubani wa Dhofar, halua, vito vya fedha na majambia. Nendeni asubuhi au baada ya alasiri, kwa sababu mchana maduka mengi hufungwa, na Ijumaa asubuhi pia.

Kutoka hapo, teksi itawafikisha upesi Maskati ya kale, ambayo ni ghuba ndogo yenye Kasri la Al Alam, lililojengwa mwaka 1972, na Makumbusho ya Taifa mkabala wake. Juu ya majabali ya pande mbili zimesimama ngome za Al Jalali na Al Mirani, na hata mkiziona kutoka nje tu, inatosha. Wareno, walioiteka Maskati mwaka 1507, walizijenga katika miaka ya 1580, muda mfupi kabla ya kuanza Ngome ya Yesu kule Mombasa. Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi alipowatoa Maskati mwaka 1650, watu wa Mombasa walipeleka ujumbe kumwomba msaada, na hatimaye Ngome ya Yesu yenyewe ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Mtu wa pwani yetu akisimama pale anaiona nusu ya pili ya historia yake, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaowapeleka wageni kwenye maduka makubwa ya kisasa kwanza.

Mzalia wa Unguja
Mwanangu, aliyosema ndugu yetu ni kweli, lakini mimi ningeanza na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkubwa lilifumwa na mafundi wa Iran na lina uzito wa tani 21. Wasio Waislamu huingia asubuhi tu, isipokuwa Ijumaa. Ninyi mwaweza kwenda kuswali.

Msione taabu ya lugha. Familia nyingi zilitoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine zikarejea baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, kwa hiyo Kiswahili mtakisikia majumbani na sokoni. Mabasi ya Mwasalat ni safi na nauli yake ni ndogo. Kwa teksi, patana bei kabla ya kupanda, na ukumbuke kwamba riali moja ni baiza 1,000 na thamani yake inazidi dola mbili na nusu.

Binti wa Tanga
Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu yangu. Kwa safari ya nje ya mji, tukipata siku moja tu, ni Nizwa au Sur?

Mkaazi wa Ruwi
Ikiwa siku hiyo ni Ijumaa, nendeni Nizwa, kilomita 160 hivi bara, na mtoke alfajiri ili muwahi mnada wa mbuzi. Mnara wa ngome una ngazi. Mama anaweza kupumzika chini, kwenye soko la tende.

Siku nyingine yoyote, chagueni Sur, takriban kilomita 200 kwa njia ya pwani. Huko bado kuna karakana ya majahazi, na jahazi la zamani Fath al-Khair limehifadhiwa wazi watu walione. Vyombo vya Sur vilishuka hadi Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi. Njiani mtapita Wadi Shab, bonde lenye maji kati ya majabali, ila msimpeleke mama, maana huvukwa kwa boti kisha ni mwendo mrefu juu ya mawe. Kodini gari pamoja na dereva, na mwulizeni mapema kama bei ni ya kwenda na kurudi.