Msamaha wa ada za magari kwa wanajeshi San Diego: pengo anaziba nani?

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu.

Wiki iliyopita nimelipia usajili wa Corolla yangu niliyoinunua mkononi mwa mtu. Zaidi ya dola 300. Nilichelewa siku tisa tu, mshahara ulikuwa haujaingia, na faini ikapandishwa juu yake. Nikabandika kile kistika cha mwaka kwenye kona ya pleti namba, nikaingia zamu ya usiku kuhudumia wazee.

Jirani yangu ni mwanamaji, kijana wa Texas mwenye pikapu mpya ya dola 70,000. Alinionyesha karatasi yake mwenyewe. Ada ya msingi ya usajili analipa. Ada ya leseni ya gari, sifuri. Ada ya kuboresha barabara, sifuri. Pigeni hesabu: ada ya leseni hapa California ni asilimia 0.65 ya thamani ya gari, kwa pikapu ile ni dola 455. Ile ya barabara ilipoanza mwaka 2018 ilikuwa dola 175 kwa gari la dola 60,000 na kuendelea. Zaidi ya dola 600, gari moja, mwaka mmoja! Na mji huu umejaa wanamaji, bado hujapanda kaskazini ukakutana na Camp Pendleton, kambi kubwa ya wanajeshi wa Marine.

Kijana simlaumu, sheria ndiyo inayompa. Mwanajeshi aliyehamishiwa jimbo lisilo lake hatozwi huko kodi ya mali binafsi kama gari. California ilimbana kapteni mmoja wa jeshi la anga, Buzard, mkazi wa jimbo la Washington, na mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ile ada ya leseni, wakati huo asilimia 2, ni kodi ya kukusanya mapato tu, hapaswi kudaiwa. Mwaka 2009 wenza wao nao wakaongezewa kinga ya kodi.

Lakini mwanajeshi mkazi wa hapa hapa California, anayelala meli moja na jirani yangu, analipa yote! Kwa hiyo msamaha haufuati jasho la mtu, unafuata jimbo lililoandikwa kwenye fomu yake.

Na aliyesamehe siye anayekosa hela. Bunge la kule Washington DC limeamua, kaunti zetu ndizo zinazopungukiwa, na ada ya leseni ndiyo inayosaidia kulipia afya na usalama wa raia. Mwaka 2003 Schwarzenegger alifuta ongezeko la ada hiyo siku aliyoapishwa kuwa gavana wa California, jimbo likabeba mzigo wa karibu dola bilioni 4 kwa mwaka kufidia miji na kaunti. Pengo lilionekana, likajadiliwa hadharani. Hili la wanajeshi halitajwi! Pentagon, wizara ya ulinzi, ina bajeti ya zaidi ya dola bilioni 800. Iwalipie watu wake, isituachie sisi.

Nimemwandikia mbunge wetu. Mlioko Norfolk na Tacoma, miji mingine yenye wanajeshi wengi, jirani yenu mwanajeshi anatozwa nini, na ninyi mnalipa ngapi?