Kiamunyi: niongeze kasi ya intaneti, ninunue meshi, au nipandishe dishi?

Baba_Mapacha, Kiamunyi

Wadau, habari za jioni. Naomba akili zenu kabla sijatoa pesa. Nina nyumba ya chini hapa Kiamunyi, Nakuru, vyumba vinne, kuta za mawe ya inchi 9. Nyuma kuna kijumba cha mabati nilichogeuza ofisi. Kutoka mlango wa jikoni hadi pale ni kama mita 22. Nina intaneti ya faiba (ule waya wa kioo) ya kasi ya 30 Mbps, yaani megabiti 30 kwa sekunde, na ruta waliyonipa imekaa nyuma ya televisheni, pale pale fundi wao alipoishiwa na hamu ya kuvuta waya.

Sebuleni hakuna neno. Chumba cha mwisho, anakolala shosho, mahubiri yake yanazunguka tu badala ya kucheza. Ofisini napata waifai nikisimama mlangoni, nikiketi, imeenda. Wiki jana nilikatika mara nne katika mkutano mmoja hadi bosi akauliza kama niko ndani ya matatu.

Nimefikiria kupanda hadi 80 Mbps. Au ninunue seti ya meshi ya vipande vitatu, vile vya kupokezana waifai nyumba nzima, duka moja mjini limenitajia 21,000. Au niachane na faiba niweke Starlink, lile dishi la intaneti ya setilaiti, kama jirani, ambaye hatunyimi habari zake. Au ruta ya 5G, ya mtandao wa simu, ikae ofisini ijitegemee. Msiniambie "inategemea", hiyo naijua.

Wuod_Kolwa, Kisumu

Panda 80, ndugu yangu. Kasi haijawahi kumuua mtu.

Fundi_Koleo, Nakuru

Wuod_Kolwa, acha kumtia mwenzako hasara. Hiyo 80 itafika sebuleni na itaishia sebuleni.

Baba Mapacha, pima kwanza. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya uone unapata ngapi. Halafu pima kwa waifai sebuleni, kisha kwa shosho, kisha ofisini. Tafuta pia programu ya simu ya kupima nguvu ya waifai. Itakupa namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -50 ni raha, -67 mkutano wa video bado unaenda, -80 kushuka chini ni kubahatisha.

Ruta yako inatoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya 5 GHz yana mbio lakini ukuta yanauogopa. Ya 2.4 GHz yanapenya zaidi, ila ni ya polepole na mnayagombania na majirani wote, maana chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Sasa weka mawe ya inchi 9 mara mbili tatu, kisha ukuta wa bati. Bati halipitishi mawimbi, huyarudisha yalikotoka. Hicho kidogo unachopata ofisini kinaingilia mlangoni kama mgeni. Na itoe ruta nyuma ya televisheni, hata kama hutafanya lingine lolote.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Netflix wanapendekeza 5 Mbps kwa filamu ya 1080p, yaani HD kamili. Mkitazama watu wanne kwa pamoja ni 20, chenji inabaki.

Baba_Mapacha

Nimepima. Kwa waya 29. Sebuleni 28. Kwa shosho 2.6, namba -79. Ofisini mlangoni 0.9, namba -86. Kwenye meza hakuna kitu kabisa. Kumbe kampuni nimeitukana bure miezi minane.

Nyar_Nam, Kisumu

Nimeishi na meshi miaka miwili, kwa hiyo naweza kuisema kwa mazuri na mabaya. Sisi tumepanga, nyumba ya ghorofa huku Milimani, na mwenye nyumba hataki kuona tundu hata la msumari. Kwa hali hiyo ilinifaa sana: jina moja la waifai nyumba nzima, ukipanda ngazi simu inahama yenyewe na mazungumzo hayakatiki.

Kosa langu lilikuwa kukiweka kipande cha pili pale pale penye giza, nikidhani kitaleta mwanga. Hakileti. Kinarudia kile kinachosikia, na kikisikia kwa shida kitarudia kwa shida. Kiweke katikati ya safari, mahali ambapo bado unapata vizuri.

Kisha kuna hili ambalo muuza duka hakuniambia. Vipande vikiongea vyenyewe kwa vyenyewe kwa masafa yale yale yanayohudumia simu, kasi hupungua karibu nusu kwa kila hatua. Kipande changu cha tatu kilikuwa kinanipa robo. Vya bei ya juu vina masafa ya pembeni kwa kazi hiyo, lakini hapo 21,000 haitoshi. Na ile ofisi yako ya bati? Meshi nayo itaishia mlangoni.

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Mimi ni jirani wa dishi, ila wa Kakamega. Starlink ilipoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, huku kwetu tulikuwa tunahesabu bando za simu, faiba haijafika. Kwa hiyo sitalisema vibaya dishi. Setilaiti zake ziko kama kilomita 480 hadi 550 juu, si zile za zamani za kilomita 35,786 ambapo ukisema "halo" unasubiri kwanza sauti ipande na kushuka.

Lakini dishi linataka anga tupu. Mikaratusi ya jirani ilinikatakata siku nzima mpaka nikalihamishia juu ya mnara wa tangi la maji. Mvua ya huku ya alasiri ikishuka kwa hasira, nalo hunyamaza kidogo. Halafu stima: la kawaida linakula wati 75 hadi 100, lile dogo la Mini 25 hadi 40. Ruta ya faiba kwa kawaida haifiki hata 15.

Mtu mwenye 29 kwa waya kufuata dishi ni kuacha kisima uani na kubeba mtungi kwenda mtoni. Na ukishalipandisha, ruta yake itakaa wapi? Sebuleni. Kuta ni zile zile, Baba Mapacha.

Msafiri_Njoro

Ya 5G ninayo. Asubuhi naona 200, saa mbili usiku watu wakisharudi nyumbani naona 15. Ndani ya bati utaishia kuiweka dirishani ikitazama mlingoti. Soma pia masharti ya matumizi, wengine ukivuka kiwango wanakupunguzia kasi. Zaidi ya yote utalipa bili mbili kila mwezi kwa ajili ya mita 22.

Fundi_Koleo

Mita 22 ni kazi ya asubuhi moja. Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e unabeba 1 Gbps, yaani Mbps 1,000, hadi mita 100, Cat6 vilevile. Vuta mmoja juu ya dari uende kwa shosho, mwingine kwenye paipu ya PVC chini ya ardhi uende ofisini. Kila mwisho weka aksesi pointi, kisanduku cha kugeuza waya kuwa waifai. Kama una ruta ya zamani kabatini inatosha: zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani, iachie ruta kubwa), ibadilishie anwani isigongane na ile kubwa, chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti inayoingia), kisha ipe jina na nenosiri lile lile la waifai ya sebuleni.

Waya nunua wa shaba tupu. Mjini kuna mwingi wa alumini iliyopakwa shaba na sanduku lake linang'aa kuliko la halali. Kwaruza kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha.

Nyar_Nam

Fundi, kwa shosho nakuunga mkono. Waya wa shaba kati ya majengo mawili, hapana. Tuulize sisi wa kandokando ya ziwa habari za radi. Kaka yangu kule Riat alivuta waya kama huo kwenda kibanda cha kuku apate kamera. Radi haikupiga hata nyumba, ilipiga mti wa jirani. Asubuhi ruta imekufa, kamera imekufa, na televisheni iliyokuwa imechomekwa kwenye ruta imekufa.

Fundi_Koleo

Nimevuta nyingi Lanet na Naka, hakuna iliyoungua.

Mwalimu_Lurambi

Bado, Fundi. Majengo mawili yenye ardhi mbili za stima, radi ikipiga karibu, volti zake hupishana kwa muda mfupi sana, na waya wa shaba ndio daraja. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Baba Mapacha anunue waya wa faiba uliokwisha kufungwa vichwa, mita 30, ule usio na uzi wa chuma ndani, na vibadilishi viwili vya kugeuza mwanga wa faiba kuwa waya wa kawaida na kurudi, kimoja kila upande.

Na kwa kuwa mtauliza habari za stima kupotea: vile vibetri vya ruta vya 12 V vilivyoandikwa 8,800 mAh, hesabu hiyo ni ya seli za 3.7 V. Zidisha, unapata kama wati-saa 33. Ruta ya wati 12 itakaa saa mbili na kitu, si usiku mzima kama ganda linavyoapa. Ofisini utahitaji chake, maana kibadilishi nacho kinakula.

Fundi_Koleo

Sawa Mwalimu, hapo kwa kioo sibishani. Paipu ni ile ile.

Baba_Mapacha

Narudi na ripoti, wiki tatu baadaye. Nimefanya nusu ya kila mtu. Kwa shosho Cat6 juu ya dari na ruta ya zamani; ofisini faiba ndani ya paipu, vibadilishi viwili na aksesi pointi moja mpya. Pamoja na fundi na kibetri kimoja nimetumia 14,300. Haijahesabiwa sukuma wiki ya mama watoto, ambayo mtaro ulipita katikati yake na ambayo bado inatajwa mezani.

Kwa shosho 27. Ofisini 28, mlango umefungwa. Kifurushi ni kile kile cha 30. Siku ya kwanza ofisini haikushika kabisa, nikahangaika saa mbili, kumbe zile nyuzi mbili za faiba nilizichomeka bila kuzipishanisha: ya kutuma upande huu iingie ya kupokea upande ule. Fundi alicheka kwenye simu mpaka salio langu likaisha.

Sasa lililobaki. Shosho analalamika kwamba taa za ruta zinampepesea usiku, na juzi aliizima ukutani. Zinazimwaje?

Nyar_Nam

Ingia kwenye mipangilio, nyingi zina sehemu ya taa. Ikikosekana, bandika utepe mweusi wa stima juu ya vitaa, ila usifunike yale matundu ya hewa.

Wuod_Kolwa

Na ukipanda 80, taa zinapepesa haraka zaidi?