Nimeandika hadithi ya mama yake Yuda. Watu wa kanisani wataipokea au najichongea?

Sauti_ya_Pili: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, wenye matusi mpite kimya kimya. Mimi ni mwanakwaya, Mlutheri, niko kanda ya ziwa. Kwa miaka miwili nimeandika riwaya fupi, kurasa kama 140, ya mama yake Yuda Iskariote. Biblia haimtaji kabisa. Mathayo anasema Yuda alijinyonga, Matendo sura ya 1 inasema alianguka akapasuka tumbo, na hakuna anayesema nani alimzika. Basi mama yangu huyo wa kwenye hadithi anatoka kijijini kwa miguu kutafuta kaburi la mwanawe, mpaka anafika kwa yule mfinyanzi aliyeuza konde lililonunuliwa kwa fedha za usaliti. Ni hivyo tu. Yesu haongei hata neno moja, nimeogopa kumtia maneno mdomoni. Nilisoma sura moja kwenye mkesha wa vijana, Jumapili mchungaji akaniita akasema "tulia kwanza." Sasa silali. Watu wa dini wanaweza kusoma kitu kama hiki?

Mtumishi77: Ufunuo 22:18. Atakayeongeza, ataongezewa mapigo. Choma hayo makaratasi, dada.

Fundi_Kitasa: Mtumishi, aya hiyo inasema "unabii wa kitabu hiki." Kama kutunga ni dhambi, mwana mpotevu alikuwa mtoto wa nani? Mtaa gani? Ile si hadithi?
Halafu kuhusu Yuda nina uchungu wangu. Pasaka ya 2009 kigangoni kwetu nilipewa kuigiza Yuda kwa sababu tu nilikuwa na ndevu. Nikambusu Yesu, ambaye alikuwa shemeji yangu, watoto wakanirushia mapera. Mpaka leo kuna bibi anauza maandazi, nikimlipa anahesabu hela mara mbili. Noti moja anaihesabu mara mbili!

Kidole_Juu: 😂😂 Noti moja. Naweka kambi hapa.

Binti_Pangani: Mimi ni Mwislamu, niseme la kwetu. Utendi wa Tambuka ni wa 1728, Mwengo wa Athumani wa Pate, beti zaidi ya elfu moja za vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi. Sasa soma sira, yaani historia ya maisha ya Mtume: msafara wa Tabuk mwaka 630 ulifika, Warumi hawakuonekana, watu wakarudi bila vita. Mtunzi kavipigana vyote mwenyewe, panga kwa panga, na waliomsikiliza walikuwa watu wa swala tano. Babu yangu alikuwa anaughani huku machozi yanamtoka. Lakini babu huyohuyo ungemletea riwaya yenye Mtume anayezungumza mambo ya kubuni, angekufukuza barazani, maana kumzulia Mtume ni jambo zito. Kwa hiyo usiulize kama watu wa dini wanapenda hadithi. Wanapenda sana. Uliza ni mlango gani umeuingilia. Wewe umeingilia wa uani, kwa mama asiyetajwa. Mimi ningesoma.

Mtumishi77: Tenzi ni tenzi. Biblia ni Biblia.

Mwalimu_Mstaafu: Nilifundisha Kiswahili sekondari. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, jina limetoka kwenye litania ya Bikira Maria. Ilizuiwa mashuleni, baadaye ikarudi ikawa inafundishwa. Kwa nilivyoona mimi, kilichowachoma wazazi na mapadre hakikuwa jina takatifu kwenye jalada, bali kuwakuta ndani yake watu wanaowajua. Ndiyo maana nakuuliza, binti yangu: mama wa miaka elfu mbili iliyopita hawezi kumfanya mchungaji akuite ofisini mara moja. Nini hujatuambia?

Sauti_ya_Pili: Shikamoo mwalimu. Sijaficha kitu.

Sauti_ya_Pili: Sawa. Yohana 12 inasema Yuda ndiye alikuwa anashika mfuko wa fedha. Mimi nimeandika kwamba mfuko ulianza kupungua kabla, na waliochota ni wengine. Usharikani kwetu mwaka juzi mweka hazina wa ujenzi aliondolewa, milioni kumi na moja hazikuonekana. Watu wanasema nimemwandika yeye. Jina sijalitaja! Hata nabii Nathani alipomwambia Daudi ile hadithi ya mwanakondoo hakutaja jina.

Fundi_Kitasa: Alitaja mwishoni. "Wewe ndiwe mtu huyo."

Mtumishi77: Na Nathani alitumwa na Bwana. Wewe umetumwa na nani?

Binti_Pangani: Swali zuri kwa mara ya kwanza leo, Mtumishi. Dada, huyo mweka hazina ni nani kwako?

Kidole_Juu: Kimyaaa. Siku ya pili hii.

Sauti_ya_Pili: Ni kaka yangu, tumbo moja. Aliondoka, namba yake haipatikani. Mama bado anakaa benchi la pili kila Jumapili na watu wanamsogelea kwa nusu nusu. Kabla hamjaanza: nakala 300 nimeshalipia nusu kwa mchapaji, siwezi kurudi nyuma. Na nimeandika kwa ajili ya mama, si kwa ajili ya kulipiza.

Mkoba_Mweusi: Hii ni chai. Mwanzoni "sijaficha kitu." Kidogo akawa mweka hazina wa usharika. Leo kaka, tumbo moja. Kesho utatuambia Yuda ni wewe. Huyu ana kitabu anakitafutia wateja, angalieni alivyotusimulia riwaya nzima bure.

Kidole_Juu: Aisee. Chai ya maziwa kabisa, na tumeinywa.

Fundi_Kitasa: Kama ni chai basi kapika mtu mwenye mkono. Lakini mimi niliyerushiwa mapera ni kweli, mkitaka kovu nalileta.

Mwalimu_Mstaafu: Mkoba, tuseme ni tangazo. Utasoma au husomi?

Mkoba_Mweusi: Sitasoma mwalimu, mimi ni Msabato na muda sina. Ila bei gani?

Sauti_ya_Pili: Bei sijataja popote. Mkoba, njoo huku kwetu Jumapili uone benchi lenyewe.

Binti_Pangani: Mwacheni. Dada, mama mwenyewe ameisoma?

Sauti_ya_Pili: Macho yake hayaoni vizuri. Jana usiku nilimsomea mpaka pale yule mama anapobisha hodi kwa mfinyanzi. Nilitegemea alie au agombe. Akanyamaza, akaomba maji. Kisha akaniuliza, "Huyu mama hakuwa na binti? Mbona anatembea peke yake njia yote hiyo?"

Mwalimu_Mstaafu: Mchapaji umemwambia asubiri?