Four Weddings and a Funeral inastahili sifa zake, au Hugh Grant ametuzubaisha?

Dada Mkubwa
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na Jumamosi rafiki zake wanakuja kwangu tule, tupige soga, tuangalie filamu. Kazi ya kuchagua nimeachiwa mimi, na kila ninayemuuliza ananitajia hii ya mwaka 1994. Jana usiku nikaiangalia peke yangu kwanza.

Kucheka nimecheka, sikatai. Pale mwanzo Charles (ndiye Hugh Grant) na rafiki yake Scarlett wamechelewa harusini, gari linarudi kinyumenyume kwenye barabara kuu, na hakuna linalotamkwa ila tusi lile lile. Kufika kanisani, msimamizi kasahau pete! Na Rowan Atkinson akiwa padri mgeni wa kazi anayekosea kila jina, mbavu ziliniuma.

Ila mapenzi yenyewe siyaoni. Charles na Carrie wanakutana harusini, wanalala pamoja, Mmarekani wa watu anaondoka. Harusi ya pili, hivyo hivyo. Hawa wamezungumza lini? Halafu Charles anamwacha Henrietta madhabahuni, kanisa limejaa, na sisi tunatakiwa tushangilie. Hii kweli ndiyo iliyogombea Oscar ya filamu bora? Niwawekee watu walio katikati ya maandalizi ya harusi, au nitafute nyingine?

Mzee wa Reli
Unaitafuta sifa pasipo na sifa, dada. Hii ni filamu ya kundi la marafiki. Charles na Carrie ni kisingizio cha kuwakutanisha. Mwandishi, Richard Curtis, anatuonyesha watu hawa wakiwa shereheni tu. Kazini hatuwaoni, nyumbani ni kwa nadra, lakini ukifika mwisho unajua nani anampenda nani na nani anajifanya. Si kazi nyepesi hiyo. Bajeti yake ilikuwa kama pauni milioni 3, ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani.

Kaka Ubungo
Kuingiza hela si hoja mzee, hata upupu unauzwa. Mimi kilichonishinda ni kwamba hakuna anayehangaika na maisha. Tom, mmoja wa marafiki hao, anaulizwa kama familia yao ndiyo tajiri kuliko zote Uingereza, anajibu kwa unyenyekevu kuwa nadhani ni ya saba. Charles anafanya kazi gani? Filamu inaisha hujui. Harusi nne, hakuna kikao hata kimoja wala kadi ya mchango!

Kibibi
😂😂 Na ile ya mwisho kwenye mvua? Carrie kalowa chapachapa, eti anauliza kama bado inanyesha, hakuwa ameona. Waingereza wenyewe wanaitania hadi leo.

Mwalimu Nje ya Zamu
Hapo kwenye mvua sitetei. Andie MacDowell, aliyeigiza Carrie, anaitamka sentensi ile kama anasoma tangazo. Lakini dada, hukusema neno kuhusu msiba, na msiba ndio uliobeba filamu nzima.

Gareth, yule bonge wa vizibao vya rangi, mcheza dansi asiyechoka, anaanguka na kufa kwenye harusi ya Carrie kule Uskoti, watu wakiwa wanasikiliza hotuba. Baada ya makasri na mahema ya kifahari, mara tuko kwenye kanisa dogo Essex, kiwanda kiko nyuma yake, mawingu yametanda. Matthew, mpenzi wake, anasimama kumuaga kwa shairi la W. H. Auden. Hapigi kelele, hajitupi chini. Baadaye Charles anamwambia Tom kwamba wao walijivuna kuwa makapera, kumbe wawili kati yao walikuwa kama wanandoa siku zote. Usisahau ni 1994, sheria ya Uingereza haikuutambua uhusiano wao kabisa. Baada ya filamu, mashairi ya Auden yakachapwa katika kijitabu kilichouzwa sana. Watu walitoka sinema wakitafuta mashairi!

Na Fiona, rafiki mwingine wa kundi hilo, je? Anamwambia Charles kwa maneno machache kwamba miaka yote amempenda yeye, halafu anageuza mazungumzo haraka asije akaonewa huruma. Kristin Scott Thomas alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa nafasi hiyo. Ukitaka mapenzi ya kweli humo, yako kwa Fiona na kwa Matthew.

Dada Mkubwa
Mwalimu hapo kwa Fiona niliguswa kweli, nikajiuliza Charles ana macho ya nini. Sasa Henrietta mnamtetea vipi?

Tausi
Hatetewi, filamu imemwonea. Kuanzia mwanzo anaitwa Uso wa Bata, na akilia tunachekeshwa. Mimi hapo nawakatia alama. Ila tukio lenyewe limetungwa kwa akili. David, mdogo wake Charles ambaye ni kiziwi, anasimama na kupinga ndoa kwa lugha ya ishara, na mkalimani ni Charles mwenyewe! Bwana harusi anajishtaki kwa mdomo wake mbele ya wakwe. David Bower aliyeigiza ni kiziwi kweli. Na Henrietta anampiga ngumi moja, Charles chini. Nilisimama kwenye kochi.

Wawekee, watacheka sana. Bi harusi mmwambie mapema kuna msiba, asije akasusa.

Kaka Ubungo
Ngumi naikubali.

Dada Mkubwa
Haya, naiweka. Ila nimeletewa ujumbe sasa hivi kwamba mama mkwe mtarajiwa naye anakuja.

Mzee wa Reli
Na matusi yale ya mwanzo? Weka Notting Hill, ile nyingine ya Hugh Grant, uzi ufungwe.