Tupeane uzoefu: kufundishwa swingi ya gofu hapa Tanga

Mwenye uzi

Wakuu, salaam kutoka Raskazone. Swali linalojirudia kwa wanaoanza gofu hapa mjini ni hili: nikimlipa kocha, tuanze na nini, na nitajuaje kwamba sipotezi hela? Tukusanye majibu mahali pamoja. Ombi langu ni moja, tuachane na "jitahidi tu, utazoea". Anayesoma leo awe na kitu cha kwenda kukifanya jioni: miguu ikae wapi, mpira ukae wapi, ukikunja kulia ni kwa nini. Maelezo yote yawe ya anayepiga kwa mkono wa kulia, wa mkono wa kushoto watageuza.

Natangulia na somo lenyewe. Kocha mzuri hakimbilii kukusahihisha. Anakuacha upige mipira kama kumi huku ametulia, anachagua kosa moja, analishughulikia hilo. Ukipewa mambo matano kwa saa moja, utaondoka huna hata moja. Kabla hamjaagana muulize: kosa langu ni lipi, linatokana na nini, na nifanye zoezi gani mpaka tukutane tena? Mrekodi kwa simu akijibu. Somo moja kwa wiki linatosha, mradi katikati uwe umefanya mazoezi mara mbili au tatu. Ukirudi kwa kocha bila kufanya mazoezi, unalipia somo lile lile mara ya pili.

Chuma Saba

Shikamooni wakubwa. Mimi naanza na mikono, maana kosa la mikono ukilibeba hadi kwenye swingi (mzunguko mzima wa kupiga kwa fimbo) utakuwa unalifidia na mwili mzima.

Mkono wa kushoto: fimbo ipite kwenye vidole, isipite katikati ya kiganja. Ianzie kwenye shina la kidole cha mwisho, iishie kwenye kiungo cha kati cha kidole cha shahada. Funga mkono, ile nyama nene ya kiganja upande wa kidole cha mwisho ikae juu ya gripu (sehemu ya kushikia fimbo). Gumba likae kulia kidogo ya katikati. Sasa tazama chini. Unatakiwa uone vifundo viwili vya vidole, au viwili na nusu. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo (sehemu inayogonga mpira) huchelewa kufunga, yaani kugeukia shabaha, na mpira unakwenda kulia. Ukiona vinne, jiandae kuufuata kushoto. Ile V kati ya gumba na shahada ielekee bega la kulia.

Mkono wa kulia nao uende kwenye vidole, kiganja kikielekea shabaha, na mfereji ulio chini ya gumba ufunike gumba la kushoto. Kidole cha mwisho kina njia tatu: kukilaza juu ya pengo la vidole vya kushoto (mtindo wa Harry Vardon wa Jersey, yule aliyeshinda mashindano ya The Open mara 6), kukifungamanisha na shahada ya kushoto, au kushika kwa vidole vyote kumi. Watoto na wenye viganja vidogo huwa na raha zaidi na hizi mbili za mwisho. Chagua moja ukae nayo.

Nguvu ya kushika: kwenye kipimo cha 1 hadi 10, kaa kwenye 4. Mishipa ya mkono ikikusimama umebana, na ukibana kifundo cha mkono hakikunji, fimbo inakosa mwendo. Joto letu la Februari ndilo linalowafanya watu wabane, jasho likitiririka wanaogopa fimbo itawaponyoka. Tembea na kitambaa kikavu na glovu mbili za kupokezana, moja ikaukie kivulini. Usiiache juu ya dashibodi ya gari, inakakamaa na kupasuka.

Kedi wa Siku Nyingi

Vijana wangu, jifunzeni kuusoma mpira. Utawaambia mengi hata kama kocha hayupo.

Mpira huanza safari karibu kabisa na upande ambao uso wa fimbo ulikuwa unatazama wakati wa kugusana. Ukishaondoka, unakunja kutokana na tofauti kati ya uso huo na njia fimbo iliyopita. Kwa miaka mingi ilifundishwa kinyume, kwamba njia ndiyo inayoanzisha. Vifaa vya rada vimelimaliza suala hilo: uso ndio wenye sehemu kubwa zaidi.

Basi ukiona umeanza kushoto ukakunja kulia, fimbo ilitoka nje ikaja ndani, na uso ulikuwa wazi, yaani ukitazama kulia zaidi, ukilinganisha na njia hiyo. Ndiyo slaisi inayowasumbua wengi. Ukienda kushoto moja kwa moja bila kukunja, njia ni ile ile ila uso umekubaliana nayo. Ukianza kulia na ukazidi kwenda kulia, rudi kwenye mikono aliyoeleza Chuma Saba kabla hujagusa kitu kingine.

Kosa baya la mwenye slaisi ni kulenga kushoto zaidi ili mpira ukikunja urudi katikati. Mabega yanafunguka, njia inazidi kukata, slaisi inakua. Tiba ina mpangilio. Kwanza mikono. Pili, angalia kama mpira umekaa mbele mno, maana ukikaa mbele mabega yanaufuata yenyewe na kufunguka. Tatu ndiyo njia: weka boksi tupu la mipira upande wa pili wa mpira, sentimita 5 kutoka ulipo na nyuma yake kidogo. Ukija kutoka nje utaligonga. Liwe boksi au kitambaa kilichokunjwa, kamwe lisiwe jiwe wala kipande cha mti. Mkono wa kulia ushuke kama wa mtu anayerusha kijiwe kirukeruke juu ya maji: kiwiko kinatangulia karibu na nyonga, kiganja kinafuata nyuma.

Kwa draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) kuna jambo la ziada. Paka uso wa fimbo poda au chaki, piga, tazama alama. Ikiwa upande wa kisigino, yaani karibu na mpini, mpira utakunja kulia hata kama swingi ilikuwa safi. Hapo usiivunje swingi, sogea nyuma kidogo uwe mbali na mpira.

Dada wa Chumbageni

Mzee wangu umetufungua macho. Mimi naleta zoezi la fimbo za chuma (zile za namba, kama 7 na 9) lisilohitaji mpira wala ada ya uwanja, na sisi watu wa pwani tumejaliwa mahali pa kulifanyia.

Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua ni bora kwa sababu mchanga uliolowa unafunguka mpana. Tafuta sehemu iliyoshikamana, ambayo unyayo unaacha alama lakini hauzami. Chagua kwa macho pasipo na matumbawe wala kome, fimbo ikigonga kitu kigumu inachunika na kifundo cha mkono kinapata shida. Hakikisha pia hakuna mtu wala mtoto karibu.

Chora mstari mnyoofu wa mita 2. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, shabaha ikiwa kushoto kwako. Shika weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu) au chuma 9. Piga swingi ya nusu, mikono isipite kifua, fimbo ikwangue mchanga. Sogea nusu hatua kando ya mstari, piga nyingine, endelea hadi mstari uishe. Kisha rudi uangalie ulichoandika.

Mikwaruzo yote ianzie kwenye mstari au baada yake, upande wa shabaha. Mchezaji mzuri hufika chini kabisa kama sentimita 10 mbele ya mpira, ndiyo maana mpira unaguswa kwanza na udongo baadaye. Mkwaruzo ukianzia nyuma ya mstari, sababu huwa moja kati ya tatu: uzito umebaki mguu wa kulia, unajaribu kuunyanyua mpira kwa mikono, au kifundo cha mkono kimefunguka mapema. Acheni kuunyanyua mpira jamani. Chuma 7 kina mlalo (uso uliolala nyuma) wa nyuzi 30 na kitu, huo ndio unaoupandisha. Kazi yako ni kushuka.

Angalia na umbo. Mkwaruzo mwembamba na mrefu ni mzuri. Shimo fupi lenye kina ni la mtu anayechimba, fimbo inashuka wima mno. Na ukielekea kushoto sana ya shabaha, hiyo ni ile njia ya nje kuja ndani aliyoisema mzee, sasa unaiona kwa macho yako.

Ukimaliza osha fimbo kwa maji baridi ya bomba na uifute hadi ikauke. Chumvi haina subira.

Mwanafunzi Mpya

Ahsanteni sana. Mimi natopu, fimbo inagonga juu ya mpira na mpira unabingirika tu. Kila mtu ananiambia "umeinua kichwa". Nifanye nini?

Chuma Saba

Ndugu yangu, kichwa kinasingiziwa. Mara nyingi nyonga zinasogea mbele kuelekea mpira wakati wa kushuka, mgongo unanyooka, na kichwa kinapanda kwa sababu kimebebwa na mgongo. Ukilazimisha kichwa kibaki chini wakati nyonga zinasukuma, utajiumiza kiuno.

Zoezi lake: simama kama unapiga, makalio yaguse ukuta, mikono umeikunja kifuani. Zunguka kurudi nyuma, kalio la kulia libaki ukutani. Zunguka kushuka, kalio la kushoto lichukue nafasi ukutani. Ukiona mwanga kati yako na ukuta, umesukuma mbele. Fanya kumi asubuhi, kumi usiku. Uwanjani, mpira ukishaondoka kiachie kichwa kifuate kifua.

Na uzito: nusu kwa nusu ukisimama, lakini wakati wa kugonga chuma kama robo tatu iwe mguu wa kushoto. Ukimaliza unatakiwa uweze kuunyanyua mguu wa kulia bila kuyumba.

Mkono wa Kushoto

Kwa wenzangu: msimame uso kwa uso na kocha wa mkono wa kulia badala ya kusimama nyuma yake. Yeye anakuwa kioo chenu, hamna cha kugeuza kichwani.

Fundi Fimbo

Masomo mengi yanapotea kwa sababu ya fimbo. Seti za mtumba zinazoingia hapa mara nyingi zilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Angalieni haya.

Gripu ngumu inayong'aa inakulazimisha kubana. Isugue kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi, ikauke. Ikiendelea kuteleza, ibadilishe. Shafti (mpini) ngumu kwa mwenye swingi ya pole hutoa mpira wa chini unaokwenda kulia, na mtu anahangaika na mikono bure. Mtoto usimkatie fimbo ya mtu mzima: ikifupishwa inazidi kuwa ngumu na kichwa kinabaki kizito. Draiva ya anayeanza iwe na mlalo wa nyuzi 10.5 hadi 12, ile ya 9 inahitaji mwendo ambao bado hana.

Sheria inaruhusu fimbo 14. Mwanafunzi zinamtosha sita: haibridi moja (mchanganyiko wa chuma na fimbo ndefu), chuma 7, chuma 9, weji ya kawaida, weji ya mchanga na fimbo ya kwenye grini (nyasi fupi zenye shimo).

Mwenye uzi

Naongeza kuhusu simu, wengi wanarekodi vibaya. Kuna pembe mbili tu. Ya kwanza, kamera nyuma yako, kwenye mstari wa mikono ukielekea shabaha. Ya pili, mbele ya kifua chako. Zote mbili kimo cha mikono, simu imesimama kwenye kitu, haijashikwa na rafiki. Kamera ikisogea kulia au kushoto kidogo, swingi nzuri itaonekana mbovu na kocha wa mbali atakupa dawa ya ugonjwa usio wako.

Pia laza fito mbili nyoofu chini: moja mbele ya vidole vya miguu, nyingine upande wa pili wa mpira, zote zikielekea shabaha. Macho hudanganya sana kwenye kulenga.

Kedi wa Siku Nyingi

Msisahau upepo. Kusi likivuma, tangu Aprili hadi karibu na Septemba, na kaskazi likishika baada ya hapo, mwelekeo unageuka kabisa. Ukifanya mazoezi upepo ukitoka kushoto ukiwa umetazama shabaha, utaona slaisi ambayo si yako. Somo la kurekebisha mkunjo lifanyeni asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka.

Upepo wa usoni haushindwi kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapanda, unasimama angani. Chukua fimbo ndefu zaidi kwa namba moja au mbili, shika chini kwa sentimita 3, rudisha mpira nyuma kwa upana wa mpira mmoja, piga robo tatu ya swingi. Na mkienda kucheza Arusha, kule ni kama mita 1,400 juu ya bahari, mpira unaenda mbali zaidi kwa kama asilimia 5. Msidhani swingi imepona ghafla.

Mwanafunzi Mpya

Shukrani mzee. La mwisho, draiva nianze lini?

Dada wa Chumbageni

Mikwaruzo yako ikianzia baada ya mstari mara saba kati ya kumi, anza. Mpira ukae usawa wa ndani ya kisigino cha kushoto, miguu ipanuke kupita mabega, bega la kulia lishuke kidogo. Tii (kijiti cha kuwekea mpira) iwe juu kiasi kwamba nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva. Hapa ndipo unapogeuza kile cha ufukweni: draiva inagusa mpira ikiwa imeanza kupanda, kwa hiyo tii isivunjike kila mara. Ukiona alama ya kukwangua chini mbele ya tii, bado unaipiga kama chuma.